Maji yenye floraidi Meru na Arusha: tenki la mvua, ndoo ya mifupa, shabu, RO au ukafuate maji kwingine?

Shemeji yangu kahamia Maji ya Chai, kajenga, kachimba na kisima chake mwenyewe, maji meupe, ya baridi, utadhani yametoka kwenye friji. Mtoto wake ana mwaka na nusu. Juzi kanipigia, "Shem, ninunue mashine ya RO, nijenge tenki la mvua, au ile ndoo ya mkaa wa mifupa inatosha?" (RO ni ile mashine inayosukuma maji kwa presha yapite kwenye utando wenye vitundu vidogo sana.) Nikamuuliza kisima chake kina floraidi kiasi gani, yaani yale madini ya asili yanayoyeyuka kwenye maji, yakizidi yanaharibu meno na mifupa. Kimya. Hajapima. Basi nikaona bora niandike yote kwa pamoja, maana swali hili naulizwa na watu wa Usa River, wa Ngurdoto, wa Ngarenanyuki, mpaka wa pembeni mwa jiji huku, na karibu wote wanaanza na bei kabla hawajajua wanapambana na nini.

Kwa ambao ndo mnahamia: Meru ni mlima wa volkano, mawe na majivu yake ya kale yana floraidi nyingi, maji ya mvua yakizama yanapita humo taratibu yanaiyeyusha, kwahiyo mara nyingi chemchemi za juu mlimani zinakuwa na afadhali kuliko visima vya huku chini ambako maji yameshakaa na mawe muda mrefu. Mto Maji ya Chai na Engare Nanyuki imepimwa mara nyingi ikakutwa na zaidi ya miligramu 10 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi 1.5. Sisi Tanzania tulishawahi kuruhusu mpaka 8 vijijini, baadae ikawa 4, na sasa hivi kiwango chetu ni hiyo hiyo 1.5. Sio kwamba mifupa ya watu ilikuwa migumu zaidi enzi hizo, hakukuwa na maji mengine ya kuwapa.

Na floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ni kama ile sumu ya arseniki kwenye visima vya Bangladesh, ilibidi wapake visima rangi, chekundu usinywe, cha kijani kunywa, maana kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha. Hapa kwetu hatujapakiwa rangi, tunakuja kuambiwa na meno ya watoto, na hapo tumeshachelewa, jino linaharibikia ndani ya fizi wakati linatengenezwa, yaani miaka kama minane ya mwanzo. Mtu mzima aliyehamia na meno yake hayatageuka kahawia, ila akinywa maji makali miaka mingi inahamia kwenye mifupa na viungo.

Kabla hatujaenda mbali, vitu ambavyo HAVIONDOI floraidi: kuchemsha (unapunguza maji floraidi inabaki pale pale, yaani unaikoleza), dawa ya klorini, mkaa wa kawaida wa kuni, na zile filta za mishumaa ya udongo. Mimi niliwahi kuuziwa ya mshumaa, muuzaji akaapa inatoa kila kitu, nikapima kabla na baada, namba ile ile. Inachuja uchafu na vijidudu vizuri tu, ila sikuinunua kwa kazi hiyo.

Nimevipima kwa vigezo gani

Vitano tu. Kwanza inashusha floraidi kiasi gani kweli. Pili mfuko, na hapa naomba utenganishe hela ya siku ya kwanza na hela ya kila mwaka, watu wengi wanaangalia ya kwanza tu. Tatu kazi yake ya kila siku, na nani ndani ya nyumba ataifanya. Nne inakwama wapi. Tano inamfaa nani.

Halafu kuna hesabu moja inabadilisha kila kitu. Maji ya kuoga, kufua, kudeki, kumwagilia mchicha, hayo achana nayo. Floraidi inaingia kwa mdomo, sio kwa ngozi. Unachotakiwa kusafisha ni maji ya kunywa na kupikia, chukua lita 5 kwa mtu kwa siku, familia ya watu watano ni lita 25. Basi, kama ndoo moja na kidogo. Watu wanakata tamaa kwa sababu wanawaza kusafisha lita 500 za nyumba nzima.

Na kupima. Chukua sampuli kwenye chupa ya plastiki iliyosuuzwa vizuri na maji yale yale (sio ya kioo, floraidi na kioo hawaelewani), peleka maabara ya ubora wa maji, taja kabisa kwamba unataka floraidi. Usitegemee kipimo cha jirani, visima viwili vilivyopishana mita mia kadhaa vinaweza kuwa mbingu na ardhi. Ukiweza pima mara mbili, kiangazi na masika.

1. Maji ya mvua

Floraidi: karibu na sifuri. Hakuna kingine kwenye orodha hii kinachoanza na maji ambayo hayana tatizo tangu mwanzo, vingine vyote ni kutoa kitu ambacho kimeshaingia.

Mfuko: siku ya kwanza inauma, tenki na gata na fundi. Baada ya hapo karibu bure miaka na miaka.

Hapa nikae kidogo kwa sababu watu wengi wanalikataa tenki kwa hesabu ya kubahatisha. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye paa la mita moja ya mraba ni lita 1, ni rahisi hivyo tu. Paa la bati la mita 40 za mraba, ikipiga mvua ya milimita 20, ni lita 800, toa inayopotea na kurukia pembeni, shika kama 640. Huku kwetu masika ni Machi mpaka Mei, vuli inakuja Oktoba Novemba hivi mpaka Desemba, kwahiyo kipindi kigumu ni Juni mpaka vuli ishike, tuseme siku 150. Lita 25 mara 150 ni 3,750. Maana yake simtank ya lita 5,000 ikijaa mwisho wa Mei, ikatumika kwa kunywa na kupika TU, inavuka kiangazi na inabaki. Neno la kusisitiza ni hilo TU. Nyumba nyingi ninazozijua tenki linaisha Agosti kwa sababu kuna mtu anaoshea gari.

Kazi: kusafisha gata kabla ya msimu, kumwaga mvua ya kwanza kwanza iliyoosha vumbi na kinyesi cha ndege, kuweka wavu mbu wasiingie, kufunika lisipate mwanga likaota ukijani. Na ya kunywa chemsha au weka dawa, kukosa floraidi sio kukosa vijidudu.

Inakwama: vuli ikichelewa. Paa la makuti au nyasi halifai. Na mpangaji wa chumba kimoja huwezi kumwambia mwenye nyumba akufungie gata.

Inamfaa: mwenye nyumba yake yenye bati na nidhamu ya koki. Hata kisima kikiwa na 20 haimhusu, kwa sababu hakitumii kwa mdomo.

2. Filta ya mkaa wa mifupa

Hii ndo ya kwetu, kituo cha utafiti cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji kimeifanyia kazi miaka mingi, na upande wa Kenya programu ya maji ya Dayosisi Katoliki ya Nakuru iliitengeneza na kuisambaza. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo, nyuzi 400 mpaka 500 hivi, inasagwa chengachenga, inajazwa kwenye ndoo au bomba, maji yanapita taratibu na floraidi inanasa kwenye madini ya mfupa. Kumbe ndo maana inapenda mifupa yetu pia.

Floraidi: ikiwa mpya na imechomwa vizuri inashusha chini ya 1.5 bila shida, hata maji ya 10. Ikichomwa kidogo maji yananuka na kuwa na rangi, ikiungua mpaka nyeupe inapoteza nguvu.

Mfuko: siku ya kwanza nafuu ukilinganisha na tenki au mashine, ila mkaa unachoka na lazima ubadilishe au upeleke ukaoshwe kwa dawa. Lini? Tufanye gramu 1 inashika miligramu 2 (inategemea na mkaa, ila ni makadirio ya haki). Kilo 10 zinashika miligramu 20,000. Kama kisima kina 10 unatoa kama 9 kwa kila lita, mara zile lita 25 kwa siku ni 225, kwahiyo siku 89 hivi, miezi mitatu umemaliza. Kama kisima kina 4 unatoa 3, ni 75 kwa siku, unaenda karibu miezi 9. Ndoo ile ile, watu wawili, maisha tofauti kabisa, halafu wanabishana nani kauziwa feki.

Kazi: kumimina na kusubiri. Mtoto wa darasa la tano anaweza.

Inakwama: haikuambii imekufa. Maji yanaendelea kutoka meupe, matamu, na floraidi yote imo. Kuna ndugu yangu alikaa nayo miaka miwili bila kubadilisha na alikuwa na amani kabisa, tukapima, kinachoingia ndo kinachotoka. Halafu kuna suala la imani, Muislamu atataka uhakika hakuna mfupa wa nguruwe, Mhindu mfupa wa ng'ombe haumkai, hayo uliza kabla sio baada.

Inamfaa: kisima cha wastani, 2 mpaka 6 hivi, nyumba isiyo na umeme, mpangaji, na mtu ambaye atakumbuka kupima tena. Kama wewe ni wa kusahau sahau, soma namba nyingine.

3. Shabu na chokaa

Wenyewe wanaiita njia ya Nalgonda, jina la mji wa India ilikojulikana, na Ngurdoto wameijaribu kwa ndoo mbili za nyumbani. Unaweka shabu na chokaa kwa kipimo, unakoroga haraka dakika moja, halafu polepole dakika tano, unaacha saa nzima, uchafu unatulia chini na floraidi, unafungua koki iliyo juu kidogo ya kitako, maji yanachujwa na kitambaa kwenda ndoo ya pili.

Floraidi: inashusha vizuri ila haifiki mbali. Maji ya 3 au 4 utayaleta kwenye kiwango, ya 10 na kuendelea mara nyingi utabaki juu ya 1.5 hata ukizidisha dawa, na ukizidisha ladha inakuwa ya chumvi chumvi na shabu inabaki kwenye maji.

Mfuko: ndoo mbili, rahisi kuliko zote kuanza. Dawa ni kila siku.

Kazi: kila siku, kwa kipimo, bila kuruka. Hapa ndo inapofia. Wiki mbili za kwanza nyumba nzima inakoroga, mwezi wa tatu anakoroga mama peke yake, mwezi wa sita ndoo inawekewa unga. Na lile tope usimwage karibu na kisima.

Inamfaa: sehemu ambayo kuna mtu mmoja kazi yake ni hiyo na anapimiwa mara kwa mara, shule ndogo au zahanati. Nyumbani kama daraja la kukuvusha wakati unakusanya hela ya kitu kingine. Mimi binafsi nyumbani siipendi, ila nimeona mama mmoja anaiendesha kama saa na maji yake yako vizuri.

4. RO, ya nyumbani au ya kununua kwa ndoo

Floraidi: inatoa zaidi ya asilimia 90 mashine ikiwa nzima. Kisima cha 15 kinashuka kwenye 1.5 au chini.

Mfuko: mashine, umeme, filta za mwanzo za kubadilisha, na utando wenyewe baada ya muda. Kila lita moja safi mashine ndogo inamwaga lita mbili mpaka nne, hayo usimwage, deki nayo au fulia, ila usinywe maana floraidi imejikusanya humo.

Kazi: ndogo ikiwa inafanya kazi. Siku ikigoma ni fundi, na fundi wa kweli wa hizi mashine sio kila kona.

Inakwama: umeme ukikatika, presha ikiwa ndogo, maji yenye magamba mengi yakiziba utando. Wa kununua kwa ndoo dukani, wewe unaamini neno la muuzaji, kwahiyo chukua chupa moja ukapime kama unavyopima kisima. Ya chupa soma lebo, nyingi zinaandika floraidi ni kiasi gani.

Inamfaa: kisima kikali, nyumba yenye umeme wa kueleweka, au majirani kumi waliochangia mashine moja, ambao kwa maoni yangu ndo matumizi yake mazuri kuliko kila mtu na kamashine kake. Mpangaji mwenye mtoto mchanga, ndoo moja ya kununua kwa ajili ya mtoto tu inaingia akilini kabisa.

5. Kufuata maji kwingine

Yaani bomba la mamlaka, chemchemi ya juu, au kisima cha jirani kilichopimwa kikawa poa. Arusha mjini ule mradi mkubwa wa bilioni 520 ulileta visima vipya kwa ajili hii pia, kwahiyo kama bomba limefika kwako anza hapo, uliza na pima.

Floraidi: inategemea chanzo na inaweza kubadilika, mamlaka wakichanganya vyanzo leo sio kesho. Mfuko: bili, au nauli ya bodaboda na madumu. Kazi: kama ni bomba hakuna, kama ni madumu basi mgongo wa mtu, na tunajua mara nyingi ni wa nani. Inakwama: mgao. Watu wa ndoo wakikosa maji siku tatu wanarudi kisimani kimya kimya. Inamfaa: ambaye chanzo kiko karibu na kimepimwa, na ana madumu ya akiba ya wiki.

Na kuna moja nje ya orodha, jikoni. Magadi. Makande, maharage, kiburu, wengi tunaweka, na magadi mengine yana floraidi ya kutosha kuharibu kazi yote uliyofanya kwenye maji. Watafiti walishakuta watoto wenye meno ya kahawia kwenye sehemu ambazo maji yana floraidi kidogo tu, wakayageukia magadi. Loweka maharage usiku, uache magadi, haikugharimu kitu.

Sasa wewe uko wapi hapo?

Una mtoto chini ya miaka 8, na hela ni ndogo: msafishie yeye kwanza. Anayenyonya bado yuko salama, maziwa ya mama yanapitisha floraidi kidogo sana hata mama akinywa maji makali, shida inaanza kwenye uji. Lita 3 au 4 kwa siku za uji na kunywa, hiyo hata mvua ya ndoo na madumu inaweza, wakati wewe unajipanga.

Nyumba yako, bati lipo: tenki, hata kwa kuanza na nusu ya paa.

Kipimo kimesoma 2 mpaka 6 na umepanga: ndoo ya mifupa, andika tarehe juu yake kwa maka peni, na peleka maji ya kutokea kupimwa kabla ya tarehe ya hesabu yako haijafika.

Kipimo kimesoma 10 na kwenda juu: shabu sahau, mifupa utaichoka, ni mvua au RO au bomba.

Shule au kanisa lenye watu wengi: mapaa yao ni makubwa, mvua inakusanyika ya kutosha, na kama kuna mlinzi au fundi wa kudumu hata RO ya pamoja inawezekana.

Kipimo kimesoma chini ya 1.5: funga simu, kapumzike, rudi upime mwakani.

Shemeji alipeleka chupa yake, ikarudi 5 na ushee. Kafunga gata upande mmoja wa nyumba, kanunua tenki la 3,000 maana la 5,000 hela ilikata, na ndoo ya mifupa iko stoo inasubiri Septemba. Tenki kalifunga koki kwa kufuli. Ufunguo anao mke wake.